Hitilafu katika Mazungumzo ya Vinanda vya Umeme

Neno kinanda lina historia ndefu katika Kiswahili. Zamani lilikuwa jina la ala ya nyuzi. Baadaye likahamia kwenye ogani na piano. Na leo, mtu asemapo kinanda katika arusi ya Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, aghalabu hukusudia chombo cha umeme chenye vibao vyeupe na vyeusi na kioo kidogo cha maandishi. Katika taarab ya kisasa chombo hiki kimetwaa kazi ya fidla na akordioni, na mara nyingine kazi ya ngoma pia. Walakini kioo kile huandika Kiingereza. Chombo kinapokataa kazi, huonekana maneno mawili matatu, au tarakimu tupu, na huku bibi arusi anangojwa. Mpigaji asiyejua maana ya maandishi yale hudhani kwamba chombo kimekufa. Hukipeleka kwa fundi. Fundi hukifungua, au hukirudisha katika hali ya kiwandani, na kwa tendo hilo moja hufuta sauti zote ambazo mwenyewe alizitengeneza kwa miaka. Kumbe kilichoharibika ni waya.

Sehemu ya shida hii ni ya umeme, na sehemu yake ni ya lugha. Kiingereza kina neno moja wanalolitumia watengenezaji kwa kila jambo lisilokwenda sawa, na mfasiri mwenye haraka huliandika "kosa" kila alikutapo. Lakini kosa katika Kiswahili lina mwenyewe: pakiwa na kosa pana aliyekosa, na msomaji hujiuliza mara moja amefanya nini. Kiswahili kina maneno mengine, nayo hayalingani. Hitilafu asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kutofautiana au kutopatana. Kwa hiyo yataka vitu viwili. Kasoro ni upungufu, kama tusemavyo saa tatu kasoro robo. Ubovu umo ndani ya kitu chenyewe. Atakayetazama namna vyombo hivi vinavyoshindwa kufanya kazi ataona kwamba tofauti hizi si za mapambo, bali zaonyesha mahali pa kutafuta.

Vinanda vya umeme huzungumza kwa kanuni iitwayo MIDI. Mwaka 1981 Dave Smith wa kampuni ya Sequential Circuits ya Marekani, pamoja na mwenziwe Chet Wood, walitoa pendekezo la lugha moja kwa vyombo vya makampuni yote. Ikutaro Kakehashi wa kampuni ya Roland ya Japani alikuwa miongoni mwa waliolisukuma jambo hilo mbele. Januari 1983 vyombo vya makampuni hayo mawili viliunganishwa mbele ya watu katika maonyesho ya wafanya biashara wa ala huko California, na kanuni yenyewe ikachapishwa mwaka huo huo. Mwaka 2013 Smith na Kakehashi walitunukiwa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo.

Yafaa kufahamu kwanza kwamba katika waya wa MIDI haipiti sauti yo yote. Hupita amri tu. Kidhibiti, yaani kile kinanda kisicho na sauti yake mwenyewe, hupeleka habari kwamba kibao fulani kimebonyezwa, kwa nguvu kadha wa kadha, na chombo kingine ndicho kinachoimba. Kila habari hugawanywa katika baiti, na kila baiti ina biti nane. Mwendo wake ni biti 31,250 kwa sekunde, na kwa kuwa kila baiti hutanguliwa na biti moja ya kuanza na kufuatwa na moja ya kumaliza, baiti moja huchukua mikrosekunde 320. Kubonyeza kibao kimoja ni baiti tatu, karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Baiti hizo zina sarufi. Ile inayoanza na biti 1, yaani yenye thamani ya 128 au zaidi, ni kichwa cha ujumbe, mfano wa kitenzi. Zenye kuanza na 0 ni maelezo yake. Mathalan 144, 60, 100 ni kusema: katika chaneli ya 1, piga sauti namba 60, ambayo ni do ya katikati ya piano, kwa nguvu ya 100. Ili kupunguza safari, kichwa kikiwa ni kile kile chaweza kuachwa, na maelezo yakaendelea mawili mawili, kama vile msemaji asivyorudia kitenzi katika kuorodhesha.

Hapo ndipo panapozaliwa hitilafu ya kwanza, ile ambayo kioo huitangaza kuwa ni data mbovu. Tuseme nguvu iliyokusudiwa ni 72, ambayo kwa biti ni 01001000. Waya ukiwa umelegea, biti ya kwanza ikapinduka, hufika 11001000, yaani 200. Hilo si maelezo tena. Ni kichwa cha ujumbe mwingine, wenye kuamuru kubadili sauti ya ala katika chaneli ya 9. Chombo hutupa ujumbe wa kwanza kwa kuwa haukutimia. Na kama mpelekaji alikuwa akiacha vichwa, basi 64 inayofuata, ambayo ilikuwa iwe noti ya mi, husomwa kuwa ni kuchagua sauti ya 65, ambayo katika mpangilio wa vyombo wa mwaka 1991 ni saksofoni soprano. Kila tarakimu ya baadaye nayo itasomwa hivyo hivyo, mpaka kije kichwa kingine. Wapigaji waliokwisha ona chombo kikijibadilisha sauti katikati ya wimbo wamewahi kutaja majini. Lakini sababu ni biti moja.

Katika jambo hili hakuna chombo kilichoharibika. Kilichosemwa na kilichosikiwa havikupatana, na hiyo ndiyo hitilafu kwa maana yake ya asili. Basi hutafutwa kati ya vyombo, si ndani yake: hubadilishwa waya, hutazamwa kama umezidi mita 15, ambao ndio mpaka uliowekwa na kanuni, na kama vyombo vingi mno vimefungwa mkia kwa mkia. Kila chombo hupokea kwa taa ndogo inayomulika kipokea mwanga, bila ya nyaya za pande mbili kugusana, jambo linalozuia mvumo wa umeme. Lakini kila ishara inapopita katika taa hiyo huchakaa kidogo, na baada ya vyombo vitatu au vinne vilivyofuatana hupotea uhakika wake.

Hitilafu ya pili ni ya jumla isiyolingana. Huonekana zaidi chombo kinapopokea mzigo mrefu, kama vile sauti zilizohifadhiwa. Vyombo vya Roland huongeza mwishoni tarakimu ya kuhakiki, ambayo ikijumlishwa na tarakimu za anwani na za maelezo lazima ipatikane hesabu inayogawanyika kwa 128 bila ya baki. Ujumbe mmoja mashuhuri, wa kurudisha chombo katika mpangilio wake wa mwanzo, una anwani ya 64, 0, 127 na maelezo ya 0. Jumla ni 191; ukitoa 128 hubaki 63; basi tarakimu ya kuhakiki ni 65. (Kwa bahati 65 ndiyo pia tarakimu ya jina la Roland mwanzoni mwa ujumbe, na wengi wamechanganyikiwa kwa ajili hiyo.) Mwenye kurekebisha ujumbe kwa mkono, akasahau kupiga hesabu upya, atakataliwa. Hapo neno kosa lastahili, kwa kuwa yupo aliyekosa. Ni vema kuongeza kwamba kipimo hiki si kamili: tarakimu mbili zikibadilishana mahali jumla haibadiliki, na chombo hupokea upotovu huo kwa moyo mkunjufu.

Tatu ni kujaa kwa ghala la kupokea. Habari huja upesi kuliko chombo kiwezavyo kuzitenda, na zinazozidi hutupwa. Kitu hakikuharibika wala hakuna kutopatana. Pana kasoro ya nafasi. Dawa yake ni kupunguza habari, hasa zile zinazotoka mfululizo katika gurudumu la kupindisha sauti na katika mkandamizo wa vibao, au kuipunguza mbio programu ya kompyuta inayopeleka mzigo. Onyo la betri nalo ni la jamii hii ya kasoro, ila hatari yake ni kubwa zaidi. Betri ile ndogo ya ndani, yenye umbo la sarafu, ndiyo inayohifadhi kumbukumbu katika vyombo vingi vya zamani. Anayeing'oa kabla ya kunakili sauti mahali pengine huzipoteza zote. Yapasa kunakili kwanza.

Ubovu halisi ni nadra kuliko watu wanavyodhani.

Yapo pia matatizo yasiyoandikwa po pote kwenye kioo, na haya ndiyo yanayochosha zaidi. Katika hadithi za Waswahili msimuliaji husema paukwa, na wasikilizaji huitikia pakawa. Asipoitikiwa hujua hana wasikilizaji. Kanuni ya MIDI ya mwaka 1983 haina pakawa. Mpelekaji hupeleka, naye hajui kama amesikiwa. Baadaye, katika kanuni ya kupeleka sauti zilizonaswa, uliwekwa uitikio: 127 maana yake nimepokea, 126 sikupokea, tuma tena. Lakini kwa noti za kawaida hapana. Ndiyo sababu ikiwa ujumbe wa kuachia kibao umepotea njiani, sauti huendelea kulia bila ya kikomo, wala kioo hakisemi neno, kwa kuwa kwa upande wa chombo hapana lililoharibika: hakikuambiwa kinyamaze. Dawa ni amri namba 123, ya kuzima noti zote, au 120, ya kuzima sauti zote mara moja. Vidhibiti vingi vina kitufe cha kuzituma kwa pamoja. Kama sauti zinarefuka tu, inafaa kutazama kwanza kanyagio, maana amri namba 64, ya kushikilia sauti, huenda imebaki imewashwa.

Vyombo vingine hujilinda kwa kutuma baiti 254, ambayo haina maana yo yote ila "nipo". Kikisha kuanza kuituma, chombo hakiruhusiwi kukaa kimya zaidi ya milisekunde 300. Kikikaa, mpokeaji huzima sauti zake zote, na baadhi ya vyombo huandika kwamba mawasiliano yamekatika. Ujumbe huo huwatisha wengi, ingawa mara nyingi maana yake ni kwamba mtu amekwaa waya kwa mguu.

Kimya kingine hutokana na amri namba 122, inayotenga vibao na sauti za chombo hicho hicho. Programu ya kompyuta huweza kuiacha imezimwa, na mwenye chombo asubuhi yake akabonyeza vibao asisikie kitu. Na katika taarab lipo jambo la namna yake. Vinanda vilivyokusudiwa muziki wa Kiarabu huweza kushusha noti moja moja kwa nusu ya nusu-toni, kama maqamu za rast na bayati zitakavyo. Mpangilio huo ukiachwa na mpigaji wa jana, wa leo ataona mi ya chombo chake imeharibika. Haikuharibika, imesahauliwa katika maqamu ya watu wengine.

Vidhibiti vya leo huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, na hapo msemaji wa matatizo huwa ni kompyuta. Katika Windows, namba 28 husema kwamba draiva ya chombo haikuwekwa. Namba 10, kwamba chombo hakikuweza kuanza. Namba 43, kwamba chombo chenyewe kimetoa taarifa ya tatizo nacho kikasimamishwa. Ya kwanza ni kasoro tupu. Ya pili na ya tatu hufasiriwa mara nyingi kuwa ubovu, lakini kabla ya kukubali hivyo yapasa kuhamisha waya kutoka katika kigawanyio hadi tundu la kompyuta yenyewe, kwa kuwa tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa miliampia 500 tu, na vyombo viwili vyenye taa nyingi huweza kunyang'anyana. Waya uliotengenezwa kwa kuchajia simu tu huwasha taa za kidhibiti, na kompyuta isikione kabisa. Kwa miaka mingi pia Windows iliruhusu programu moja tu kufungua mlango wa MIDI; ya pili ilirudishiwa namba 4, yenye maana kwamba mlango umeshikwa, nayo programu huenda ikamwandikia mtumiaji kwamba kumbukumbu haitoshi. Watu wamenunua kumbukumbu za kompyuta kwa ajili ya tafsiri hiyo mbaya.

Januari 2020 ilikubaliwa kanuni ya MIDI 2.0, ambayo huviwezesha vyombo viwili kuulizana vinaweza nini, na ndani yake mna ujumbe wa kukataa, ambao mpokeaji huutuma asipoelewa alichoambiwa au asipokubali. Kwa ujumbe huo Kiswahili hakijapata neno lililozoeleka. "Kosa" halifai hata kidogo, wala "hitilafu" haitoshi, kwa kuwa hapa chombo hakielezi hali, bali kinamjibu mwenziwe. "Kanusho" liko karibu, ijapokuwa hukanushwa habari, na amri hukataliwa.