Ndege kubwa ya rimoti: pesa inaishia wapi?

Bei inayotangazwa ya ndege kubwa ya rimoti ni bei ya mwili mtupu. Injini, sevo za kusukuma usukani, kipokezi, betri, propela, mara nyingine hata magurudumu, vyote unavitafuta mwenyewe. Kwenye ndege ndogo ya povu jambo hili haliumizi mfuko. Lakini ukifika ukubwa wa robo, ambapo kila mita nne za ndege halisi zimekuwa mita moja, mwili mtupu huwa chini ya nusu ya gharama yote. Sisi tunaoagiza kutoka nje tuna nyongeza nyingine ambayo muuzaji wa Marekani hana habari nayo.

Hesabu zisielee hewani, tuchukue ndege moja: Piper Cub. Ile ya zamani, J-3, ilitengenezwa Lock Haven, Pennsylvania, kuanzia 1938 hadi 1947, na sura yake ya njano yenye mstari mweusi inajulikana dunia nzima. Mdogo wake, Super Cub, aliingia sokoni 1949. Huyo hata watu wa hifadhi ya Tsavo, Kenya, wanamjua, maana Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) na Sheldrick Wildlife Trust wamemtumia miaka mingi kufuatilia tembo na majangili kwa sababu anatua kwenye kipande kifupi cha ardhi. Mabawa ya ndege halisi yana mita 10.7 kutoka ncha hadi ncha. Kwa robo yanakuwa karibu mita 2.7, kiwiliwili mita 1.7, na ndege ikiwa tayari kuruka inafika kilo saba au nane.

J-3 au Super Cub? Super Cub ina flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua; J-3 haina. J-3 inaendeshwa na sevo sita: mbili za mabawani, mbili za kupandisha na kushusha pua, moja ya usukani wa mkiani, moja ya mafuta. Super Cub inaongeza mbili za flapu pamoja na nyaya zake. Kwa sevo ya dola 30 hiyo ni dola 60 na kazi zaidi, kwa ndege ambayo hata bila flapu inatua polepole. Kama hujaamua kuivika rangi za ndege ya Tsavo, chukua J-3.

Mwili unapatikana kwa njia nne. Kuna ndege iliyokwisha jengwa na kuvikwa ngozi kiwandani, wewe unaunganisha mabawa, mkia na mitambo tu; kwa Cub ya robo kadiria dola 600 hadi 1,000. Kuna boksi kamili la vipande, lenye kila ubavu na kila kijiti, dola 300 hadi 450. Kuna boksi fupi, ambalo wauzaji hawalipigii debe sana: ndani mna mchoro na vile vipande vigumu kukata, yaani mbavu za mabawa na fremu za kiwiliwili, ila mbao ndefu unanunua mwenyewe. Hilo ni dola 150 hadi 250. Mwisho kuna mchoro peke yake, dola 30 au 40, na msumeno wako. Haya ni makadirio, bei hupanda na kushuka, lakini tofauti kati ya njia hizi haibadiliki sana.

Sasa weka usafiri, maana hapo ndipo wengi wanapolia. Kampuni za vifurushi vya anga hazitazami mizani peke yake. Zinazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, zinagawanya kwa 5,000, na zikipata kilo nyingi kuliko za mizani unalipia hizo. Ndege iliyokwisha jengwa inakuja katika boksi la, tuseme, sentimita 150 kwa 45 kwa 40. Gawanya: kilo 54. Mizani ingesema 12 hivi. Boksi fupi la sentimita 95 kwa 25 kwa 12 linatoka kilo 5.7. Kwa dola 10 kila kilo, la kwanza ni dola 540 na la pili ni dola 57. Tena kodi haijaja. VAT, 16% Kenya na 18% Tanzania Bara, haihesabiwi kwenye bei ya dukani tu bali kwenye jumla ya bei, usafiri, bima na ushuru wa forodha. Kwa hiyo ile hewa iliyojaa ndani ya boksi umeilipia nauli, kisha umeilipia kodi.

Meli ni nafuu. Boksi hilo kubwa lina mita za ujazo 0.27, na wakusanya mizigo wa Mombasa na Dar es Salaam hutoza kwa ujazo. Uliza kiwango chao cha chini kabisa kabla ya kufurahi, na ujipange kusubiri wiki nyingi.

Aliyechagua boksi fupi ana swali la mbao. Sehemu kubwa ya balsa ya dunia hutoka Ecuador, na mwaka 2020 watengenezaji wa mapanga ya mitambo ya upepo, hasa wa China, waliikimbilia hadi bei ikapaa. Habari njema ni kwamba Cub haihitaji balsa kila mahali. Mihimili ya mabawa na vijiti virefu vya kiwiliwili vinaweza kuwa vya paini iliyonyooka, isiyo na vifundo, iliyochanwa na fundi mwenye msumeno mwembamba. Mbao hiyo ni nzito karibu mara tatu ya balsa, ila ni imara zaidi, kwa hiyo unachana vijiti vyembamba. Mbavu zibaki balsa. Ukuta unaoshika injini usiufanyie ubahili: plaiwudi ya birch, milimita sita, si ile laini ya dari.

Nikifika kwenye umaliziaji ndipo ninapokuwa mkali, kwa sababu hapo mtu anaweza kutumia pesa nyingi ili ndege yake iruke vibaya zaidi. Mabawa ya Cub halisi yana eneo la mita za mraba 16.6. Robo ya urefu ni moja ya kumi na sita ya eneo, kwa hiyo ya mfano yana mita moja na kidogo. Hesabu juu na chini, ongeza mkia na kiwiliwili, utahitaji ngozi ya karibu mita nne za mraba. Kila gramu 100 unazoongeza kwa mita moja zinakuwa gramu 400 kwenye ndege. Cub ina pua fupi na mkia mrefu, na rangi iliyoingia mkiani lazima isawazishwe na risasi puani, mara tatu hivi ya uzito wake. Fundi akikuongezea gramu 100 za puti na rangi kwenye usukani wa mkia, wewe utaongeza gramu 300 za risasi mbele. Umelipia rangi, umelipia risasi, na ndege imekuwa nzito kwa karibu nusu kilo bila faida yoyote.

Ngozi rahisi kuliko zote ni filamu ya plastiki inayobandikwa kwa pasi. Ina uzito wa gramu 60 hivi kwa mita ya mraba, yaani robo kilo kwa ndege nzima, na rangi imo ndani yake. Roli nne au tano zinatosha, takriban dola 120. Angalizo moja la mnunuzi: Oracover ya Ujerumani na UltraCote inayouzwa Marekani ni bidhaa ileile kwa majina mawili, kwa hiyo linganisha bei, usilipie jina. Kasoro ya filamu ni mng'ao wake wa plastiki, na jua letu. Ndege ikishinda juani ngozi hulegea na kupiga mikunjo, nawe unarudi na pasi.

Kitambaa cha kubandika kwa pasi, chenye rangi tayari, kina gramu 90 hadi 100 kwa mita na bei yake inakaribia maradufu. Kwa Cub ndicho chenye haki, maana ndege halisi imevikwa kitambaa, na nyuzi zake zinaonekana jinsi zinavyopaswa. Pia hakichaniki ovyo ndege ikitua vichakani. Solartex iliyopendwa miaka mingi haitengenezwi tena. Oratex ya Ujerumani ndiyo inayotajwa sana leo.

Halafu kuna njia ya mafundi wenye mfuko mwembamba, na mimi naiheshimu: bitana ya polyesta, ile ya kushonea ndani ya makoti, ya Kariakoo au Eastleigh. Ndege halisi nazo huvikwa polyesta inayokazwa kwa joto, kwa hiyo si ujanja wa kubahatisha. Choma uzi mmoja kabla ya kununua: polyesta inayeyuka na kuwa kidonge, pamba inabaki majivu. Bandika kingo kwa gundi, kaza kwa pasi, ziba vitundu kwa vanishi ya maji iliyopakwa mara mbili au tatu nyembamba, kisha puliza rangi ya njano kidogo iwezekanavyo. Gharama yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya kitambaa cha Ujerumani. Inadai mkono wenye subira, na mizani jikoni.

Faibaglasi na rangi ya gari iache kwa kifuniko cha injini, au kwa ndege za kivita ambazo mabawa yake yamefunikwa mbao tupu. Fundi wa gereji anapaka mpaka ing'ae, uzito haumhusu. Na rangi yoyote utakayochagua, ijaribu kwanza. Paka kipande cha mabaki, kiache kikauke kabisa, kisugue kwa kitambaa chenye petroli na oili. Ikiacha doa la njano kitambaani, haifai ndege ya petroli.

Injini ya petroli ya cc 20 hadi 35 inaitosha Cub hii, nayo iko kwenye dola 250 hadi 400. Mafuta unayapata kituo chochote, ukichanganya oili kwa uwiano ambao mtengenezaji ameandika, mara nyingi moja kwa 30 au 40. Injini za methanoli nazipita: mafuta yake ni ghali, na kuyasafirisha ni mateso. Umeme ni safi na wa kimya, lakini fanya hesabu. Betri ya seli kumi yenye mAh 5,000 ni volti 37, sawa na saa-wati 185. Mashirika ya ndege yanaruhusu abiria kubeba betri hadi saa-wati 100 bila kuomba, hadi 160 kwa idhini, na zaidi ya hapo hapana. Na tangu Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake kama mzigo zimepigwa marufuku ndani ya ndege za abiria, ndiyo maana wauzaji wengi wanakataa kuzituma. Ukitaka umeme, nunua betri mbili za seli tano, saa-wati 92.5 kila moja, zinazounganishwa kuwa seti moja, umwombe ndugu anayekuja azibebe kwenye mkoba wa mkononi, ncha zimezibwa. Lakini seti mbili, mota, kidhibiti chake na chaja vinafika dola 650 au 700, na kila seti inakupa dakika nane au kumi. Umeme una maana kama unarushia karibu na majirani wanaochukia kelele.

Jumlisha sasa, kodi ukiiweka kando. Boksi fupi dola 200, usafiri 57, mbao 120, ngozi ya kitambaa 200, injini 350, sevo sita 180, kipokezi na betri yake 100, magurudumu, tangi, propela na gundi 120. Inafika karibu dola 1,330. Ndege iliyokwisha jengwa kwa dola 800, na mitambo ileile, kwa usafiri wa anga inafika karibu 2,050. Tofauti ni dola 700 hivi. Kujenga kunaweza kula saa 200 au zaidi, kwa hiyo umejilipa dola tatu na nusu kwa saa. Anayependa harufu ya balsa na msasa hataona tatizo. Asiyependa, asijidanganye kwamba anaokoa pesa.

Kwa msomaji aliyeko Dallas au Minneapolis, hukumu inageuka. Usafiri wa kimataifa haupo, tofauti inashuka hadi dola 200 au 300, na iliyokwisha jengwa inashinda. Akumbuke tu kujisajili FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani: dola 5 kwa miaka mitatu, kwa kila anayerusha kitu chenye zaidi ya gramu 250.

Ndege iliyotumika nayo ifikiriwe, popote ulipo. Kagua ukuta wa injini kama umelowa oili, vuta kila bawaba, tazama mabawa kwa nyuma kama yamejipinda, na omba mchoro wake. Kampuni ya Hobbico ya Marekani, iliyomiliki chapa ya Top Flite, iliomba ulinzi wa kufilisika Januari 2018, na wenye ndege zake wakajua thamani ya mchoro: kipande kikivunjika unakikata mwenyewe, humsubiri mtu.

Kwa anayejenga Afrika Mashariki, chaguo langu ni J-3, boksi fupi, paini ya hapa, kitambaa au bitana, na petroli. Lakini kabla ya kutuma hata senti, nenda kwenye mamlaka ya usafiri wa anga (KCAA kwa Kenya, TCAA kwa Tanzania) ukaulize masharti ya kuingiza na kurusha chombo kisicho na rubani, upate jibu kwa maandishi. Ndege ya kilo nane ikizuiwa forodhani, ada ya kuhifadhi mzigo inahesabiwa kila siku.