Mutu si matricule

Kuna kitabu kimoja cha vijana, ndani yake mutu anakufa na kiu katikati ya shamba. Hakuna mutu alimuambia: simama, kunywa maji. Wenzake walisikia amri ya kurudi, lakini yeye hakusikia. Akaendelea na kazi usiku muzima mpaka akaanguka.

Kitabu kile ni *The House of the Scorpion*, kwa Kifaransa *La Maison du scorpion*. Mwandikaji ni mama mumoja wa Marekani, Nancy Farmer. Kilitoka mwaka wa 2002, na mwaka ule ule kikapata National Book Award ya vitabu vya vijana. Ni hadithi ya nyakati zitakazokuja. Kati ya Marekani na Mexico kuna inchi ya mutajiri mumoja, El Patrón, mwenye umri wa zaidi ya miaka 140. Watu wanaovuka mpaka kwa kutafuta maisha wanakamatwa, wanatiwa kachombo kadogo ndani ya ubongo. Toka pale wanafanya tu kile wanachoambiwa. Hawalalamike, hawaombe mushahara, hata kunywa maji wanangoja amri.

Sisi watu wa Katanga, mambo hii inatugusa. Ku kampuni, kila mutumishi alikuwa na matricule. Siku ya mushahara, siku ya posho, ku lopitalo: matricule kwanza, jina kisha. Hatuseme ni mamoja. Matricule ile ilileta bunga ku nyumba na kalasi ya watoto. Lakini kila baba aliyeshuka chini ya udongo anajua hatari ya mukubwa wa kazi mwenye kuhesabu mikono bila kuuliza mwenye mikono kama amechoka.

Mukubwa wa hadithi ni mutoto, Matt. Hakuzaliwa na mama. Walimutengeneza kwa ngozi ya El Patrón, wakamukomalisha ndani ya tumbo ya ngombe. Ku muguu wake wameandika ya kama yeye ni mali ya nyumba ile. Watu wanamuchukia sawa nyama. Kazi yake ni moja: siku moyo ya muzee itachoka, watatosha ya Matt. Kumbe Celia, mupishi aliyemulea, anamutilia sumu kidogo kidogo ndani ya chakula, isiyoweza kumuua Matt, lakini yenye kuharibu moyo wake kwa yule muzee. Mashine na wanganga hawakuweza kumuokoa. Mupishi ndiye alimuokoa, juu alimuona ni mutoto wake.

Mama Farmer anajua Afrika: alifanya kazi Msumbiji na Zimbabwe, ku mambo ya ziwa ya Cabora Bassa na ya kupigana na mbungo. Kitabu chake kingine, *The Ear, the Eye and the Arm*, cha 1994, kiko Zimbabwe ya mwaka wa 2194. Watoto watatu wa jenerali wanakaa nyumba yenye roboti za kufanya kila kitu. Siku wanatoka, wanaibiwa na kupelekwa ku jalala kubwa ya zamani, wanachimbishwa plastiki chini ya udongo. Ndiyo, batoto banachimba. Ni humo ndani ya takataka Tendai, mukubwa wao, anaokota *ndoro*, alama ya mababu, na anaanza kujua yeye ni nani. Ku nyumba ya roboti hakuna mutu alimufundisha ile.

Na siye? Mashine zinakuja, hata hapa Kongo. Ku muchimba wa zahabu wa Kibali, kule Haut-Uélé, kuna mashine za kubeba mawe chini kabisa, na mwenye kuziongoza amekaa juu mbele ya ekrani. Kule Australia, kamyo kubwa za muchimba zinatembea bila shofere. Na kobalti ya betri za telefone na za motokari za courant, zaidi ya nusu ya dunia nzima inatoka kwetu. Vyombo vile watoto wanashika usiku muzima, mawe yake baba zao walitosha.

Mashine inayomuondoa mutu pahali pa hatari, sisi tunaishukuru. Lakini yule aliyeondolewa, atakula nini? Na yule aliyebaki, watamuhesabu kama mutu ao kama kipande cha mashine? Vitabu hivi haviwezi kutujibu. Vinafundisha mutoto kuuliza swali ile mapema, mbele ya kutia sahihi ku kontra ya kwanza.

Baba, mama, kama mutoto wako anasoma kitabu cha roboti, usimufokee ya kama anapoteza wakati. Umuulize: ndani yake, nani anaitwa mutu, na nani amekatazwa jina? Kisha umuambie matricule ya babu yake, kama ungali unaikumbuka. Na jina lake pia.