Sukari Inapanda, Kilo Zinashuka

Tarehe 20 Januari 2025 jina la wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera, lilisikika duniani kote. Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alitangaza kwamba virusi vya Marburg vimethibitishwa wilayani humo. Wataalamu walimiminika, waliokutana na wagonjwa wakafuatiliwa, na tarehe 13 Machi mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha. Watu kumi walikuwa wamefariki. Ndivyo Biharamulo na jirani yake Ngara zilivyozoea kuandikwa: mlipuko wa ugonjwa, au kabla ya hapo wakimbizi wa Rwanda kwenye kambi ya Benaco mwaka 1994. Ugonjwa usioambukiza hauleti msafara wa magari. Mtu mzima wa Rulenge kule Ngara, au wa Nyakahura kule Biharamulo, anayeambiwa leo kwamba ana sukari hupewa vidonge, huambiwa apunguze ugali na soda, kisha hurudi nyumbani.

Kwa walio wengi hilo ndilo linalotakiwa. Makala hii inawahusu wachache ambao kwao halitoshi, kwa sababu sukari yao ni dalili ya ugonjwa mwingine uliojificha: saratani ya kongosho.

Kongosho limelala nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo, na lina urefu wa sentimita 15 hivi. Sehemu yake kubwa hutengeneza vimeng'enya vinavyoingia kwenye utumbo mwembamba kuvunja mafuta, protini na wanga. Katikati ya sehemu hiyo vimetawanyika visiwa vidogo vya seli, ambavyo Paul Langerhans, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari huko Ujerumani, aliviona kwa hadubini mwaka 1869. Visiwa hivyo ndivyo vinavyotoa insulini. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1889, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho lote wakiwa Strasbourg, na mbwa yule akapata kisukari. Tangu hapo ikajulikana kwamba kongosho likiharibika, sukari hupanda.

Uhusiano wa kisukari na saratani ya kongosho unakwenda pande mbili, na ni vizuri kuzitenganisha. Upande wa kwanza ni wa kisukari cha muda mrefu. Mtu aliyeishi nacho miaka mingi ana hatari ya kupata saratani ya kongosho inayofikia mara moja na nusu hadi mbili ya mtu asiye nacho. Hatari hiyo ipo, lakini ni ndogo kwa kila mtu mmoja mmoja, kwa kuwa saratani yenyewe si ya kawaida. Sigara nayo huiongeza karibu maradufu. Unene uliopitiliza unachangia, na vilevile uvimbe sugu wa kongosho, ambao mara nyingi huletwa na unywaji wa pombe kupita kiasi kwa miaka mingi. Anayekunywa gongo kila siku anastahili kuelezwa hivyo waziwazi.

Upande wa pili ndio unaonifanya niandike. Hapa saratani ndiyo inayotangulia na kisukari kinafuata. Uvimbe ukiwa bado mdogo, kabla haujaleta maumivu wala macho ya njano, huvuruga utoaji wa insulini na kuufanya mwili usiitikie insulini iliyopo. Watafiti wa Mayo Clinic ya Marekani walirudi nyuma kwenye kumbukumbu za wagonjwa wa saratani hii, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2018 walionyesha kwamba sukari yao ya kabla ya kula ilianza kupanda miaka miwili na nusu hadi mitatu kabla ya saratani kugunduliwa. Wagonjwa wengi wa saratani ya kongosho, wanapogunduliwa, tayari sukari yao haiko sawa. Na katika wale ambao kisukari chao kilikuwa kipya, wengi walipofanyiwa upasuaji na uvimbe kuondolewa, kisukari nacho kiliondoka.

Mtu asitishike. Kundi hilohilo la Mayo Clinic lilionyesha mwaka 2005 kwamba kati ya watu 100 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliopata kisukari kipya, ni kama mmoja tu aliyegunduliwa na saratani ya kongosho ndani ya miaka mitatu. Tisini na tisa wana kisukari cha kawaida. Swali ni jinsi ya kumtambua yule mmoja, na jibu kubwa liko kwenye mzani.

Kisukari cha kawaida cha ukubwani humkuta mtu ambaye uzito wake umetulia au umeongezeka. Sukari ikipanda sana anaweza kukonda, kwa sababu inatoka kwenye mkojo, lakini akianza dawa na sukari ikashuka, kilo hukoma kupungua na mara nyingi hurudi. Mwenye saratani ya kongosho hukonda sukari ikiwa bado inapanda taratibu, na huendelea kukonda hata akiwa anameza dawa zake vizuri. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2015 unamtaka daktari afikirie kumpeleka haraka, ndani ya wiki mbili, kwenye kipimo cha CT skani mtu wa miaka 60 na zaidi anayekonda huku akiwa na kisukari kipya.

Sasa tulete jambo hili Kagera. Huku kukonda kuna historia yake. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitoka mkoa huu mwaka 1983, na hakuna mtu mzima wa Kagera asiyejua kilichofuata majumbani. Mpaka leo mtu akipungua, jicho la jirani linakwenda huko kwanza. Anapima virusi, majibu yanatoka hana. Anapimwa kifua kikuu, hana. Wapo ambao safari ya hospitali huishia hapo, na iliyobaki inaelekea kwa mganga, kwa sababu familia imeshaamini kwamba kilichobaki ni mkono wa mtu. Kupima virusi na kifua kikuu ni sahihi kabisa, na ndiko kunakopaswa kuanzia. Lakini majibu yakitoka safi huku mtu akiendelea kukonda, uchunguzi ndio kwanza umeanza.

Kuna jambo jingine la Kanda ya Ziwa ambalo vitabu vya Ulaya havilisemi. Utafiti wa kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, pamoja na washirika wake, umeonyesha kwamba katika watu wa kaskazini magharibi mwa Tanzania kisukari mara nyingi kinatokana na kongosho kushindwa kutoa insulini ya kutosha, kuliko na mwili mnene kuikataa insulini. Maana yake ni kwamba huku mwenye sukari anaweza kuwa mwembamba tangu mwanzo. Kwa hiyo mhudumu akiona mgonjwa mwembamba haoni ajabu, na ni haki yake. Wembamba peke yake haumwambii kitu. Kinachomwambia ni tofauti ya kilo za leo na za mwaka jana, na tofauti hiyo haionekani kwa macho, inaonekana kwenye maandishi.

Hapo ndipo daftari linapoingia. Wagonjwa wengi wa kliniki zetu hutembea na daftari la kawaida la shule ambalo kila mara huandikwa tarehe, presha, sukari na dawa. Tuchukue mfano wa kubuni: mama wa miaka 58, mkulima wa ndizi na maharage. Juni mwaka juzi sukari yake kabla ya kula ni 5.6, uzito kilo 68. Desemba, sukari 6.8, kilo 64. Juni iliyofuata, sukari 9.4, kilo 59. Hajabadili chakula, hajaongeza kazi ya shamba. Sukari ya 7 na kuendelea kabla ya kula ni kisukari, kwa hiyo daktari anayeuona mstari wa mwisho tu ataandika metformin na hatakuwa amekosea. Daktari anayeiona mistari yote mitatu ataweka kalamu chini na kuuliza maswali mengine. Ukifuta safu ya uzito kwenye daftari hilo, mama huyu anafanana na kila mgonjwa mwingine kwenye benchi.

Ndiyo maana nasema kupima uzito kwenye kliniki ya sukari si utaratibu wa kujaza fomu. Zahanati isiyo na mashine yoyote kubwa inaweza kuwa na mzani. Penye foleni ndefu uzito ndio unaorukwa kwanza, na mgonjwa ana kila sababu ya kuomba apimwe na kilo zake ziandikwe.

Maswali ambayo daktari angeuliza ni haya. Je, kuna maumivu ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, yanayozidi ukilala chali na kupungua ukiinama mbele? Maumivu ya namna hiyo mara nyingi huitwa vidonda vya tumbo, na mtu humaliza miezi akinunua omeprazole duka la dawa bila kipimo chochote. Je, macho yamekuwa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, choo kimepauka, ngozi inawasha? Uvimbe ulio kwenye kichwa cha kongosho hubana mrija wa nyongo, na manjano yake mara nyingi huanza bila homa na bila maumivu. Je, choo kina mafuta, kinaelea na kunuka sana? Je, mwenye sukari ya miaka mingi, iliyokuwa imetulia, ameona imevurugika ghafla bila kubadili dawa wala chakula? Je, katika ukoo yupo ndugu wa damu aliyekufa kwa saratani hii?

Hospitali za wilaya, kama Nyamiaga na Murgwanza huko Ngara, au ile ya Biharamulo, zinaweza kuanza kwa utrasaundi. Kipimo hicho huonyesha vizuri ini, mfuko wa nyongo na mirija iliyotanuka, lakini kongosho lenyewe hujificha nyuma ya gesi ya utumbo. Utrasaundi iliyotoka safi haimalizi maneno ikiwa mtu anaendelea kukonda. Kinachofuata ni CT skani kwenye hospitali ya rufaa. Kwa watu wa Biharamulo ya kanda iliyo karibu ni Chato, na kubwa kuliko zote Kanda ya Ziwa ni Bugando, jijini Mwanza, ambako pia kuna huduma za saratani. Kutoka Ngara ni safari ndefu kupitia Lusahunga, Biharamulo na Geita, ingawa tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, limewaondolea wagonjwa kusubiri kivuko. Gharama ya safari hiyo, pamoja na kulala mjini na ndugu wa kusindikiza, ndiyo inayowafanya wengi waahirishe mpaka mavuno, na kwa ugonjwa huu kuahirisha kunaumiza. Duniani, mwaka 2022, waligunduliwa wagonjwa wapya wapatao 510,000 wa saratani ya kongosho, na waliokufa kwa ugonjwa huo mwaka huohuo walikuwa karibu 467,000. Hata Marekani, yenye mashine zote, wanaofikisha miaka mitano baada ya kugunduliwa ni kama 13 katika kila 100. Wanaopona ni karibu wote wale ambao uvimbe ulikutwa mapema, ukatolewa wote.

Ipo hofu moja inayotembea vijijini ambayo lazima nijibu: kwamba sindano za insulini ndizo zinazoleta saratani. Mtu akimwona jirani aliyeanzishiwa insulini akifariki kwa saratani mwaka huohuo, ni rahisi kuunganisha hivyo. Lakini uwezekano mkubwa ni kwamba saratani ilikuwapo na ndiyo iliyoharibu sukari mpaka vidonge vikashindwa. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2012, uliofuatilia watu zaidi ya 12,500 kwa takriban miaka sita, haukuona insulini ya muda mrefu ikiongeza saratani. Kuacha insulini kwa hofu hiyo kunaweza kuua kwa haraka kuliko saratani. Kwa upande wa pili, metformin, ambayo wengine huisifu kuwa inatibu saratani, ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa haikuwaongezea maisha. Ni dawa nzuri ya sukari, na imezwe kwa kazi hiyo.

Kisukari cha ukubwani kinahusishwa pia na saratani ya ini na ya mji wa mimba kwa kiwango kinachokaribia maradufu, na kwa kiasi kidogo zaidi na ya utumbo mpana, ya matiti na ya kibofu. Kwa hiyo damu inayotoka kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi, akiwa na sukari, isisubiri. Haya ni mengi kwa wilaya ambazo zamani ziliamini sukari ni ugonjwa wa mjini. Uchunguzi wa Profesa Donald McLarty na wenzake katika vijiji vya Tanzania, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta kisukari kwa chini ya mtu mmoja katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu 9 katika kila 100 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Namna za kupima hazikuwa zilezile, lakini mwelekeo unaonekana wazi.

Ugonjwa ukikutwa umesambaa, bado kuna kazi ya kufanya. Mrija mdogo unaweza kuwekwa kwenye njia ya nyongo, manjano na muwasho vikaisha. Vidonge vya vimeng'enya humsaidia mgonjwa kutumia chakula anachokula badala ya kukiharisha. Sukari iendelee kutibiwa, kwa sababu ikiachwa inamnyima nguvu na maji mwilini. Maumivu ya mgongo, ambayo ndiyo yanayowachosha wagonjwa na wauguzaji wao usiku, hutulizwa kwa morfini ya kunywa ikitolewa kwa saa zake bila kusubiri maumivu yarudi. Familia ikielezwa kwamba upasuaji hauwezekani, swali linalofuata kwa daktari ni wapi morfini hiyo inapatikana, na nani atakayewafundisha kumpimia mgonjwa dozi yake nyumbani.