Maji ya fedha: Mkondo mdogo wa umeme, madhara ya maisha

Huenda rafiki amewahi kukushauri unywe maji ya fedha ili yakutibu mafua, vidonda au hata magonjwa mazito zaidi. Si fedha za mfukoni, bali madini yale yanayofuliwa pete na bangili. Kuna watu wanaoyatengeneza nyumbani: hutumbukiza nyaya mbili za fedha katika gilasi ya maji, kisha huziunganisha na betri. Kazi yaonekana rahisi. Hatari imo katika jambo usiloliona kwa macho, yaani mkondo wa umeme.

Mkondo unapopita, fedha hubanduka kutoka kwa waya wa upande chanya na kuingia majini. Kiasi kinachobanduka hutegemea ukubwa wa mkondo na muda wake, kanuni iliyoelezwa na Mwingereza Michael Faraday miaka ya 1830. Mkondo wa miliampia 1 tu, ambao hauwezi hata kuwasha balbu ya tochi ya kawaida, hubandua takriban miligramu 4 kwa saa moja. Nyingine hunata kwenye waya wa pili, nyingine hubaki majini.

Sasa linganisha. Shirika la serikali ya Marekani linalolinda mazingira limeweka kiwango cha miligramu 0.005 kwa siku kwa kila kilo ya uzani wa mwili. Ukiwa na kilo 70, hiyo ni miligramu 0.35. Hata nusu tu ya fedha ile ikibaki katika gilasi, umekunywa kiasi cha siku tano na zaidi kwa mkupuo mmoja.

Isitoshe, mkondo hautulii. Maji safi hupitisha umeme kwa shida, lakini kadiri fedha inavyoingia ndivyo umeme unavyopita kwa urahisi, na fedha ikazidi kubanduka. Kwa hivyo, anayepima kwa saa ya ukutani hajui alichotengeneza. Mkondo ukizidi, chembe huungana zikawa kubwa na maji hubadilika rangi. Wengine hutia chumvi ili kuharakisha mambo; hapo hupata kloridi ya fedha, kitu kingine kabisa, na maji huwa meupe kama tui jepesi.

Fedha ikirundikana mwilini, ngozi hugeuka rangi ya kijivu au samawati, hasa sehemu zinazopigwa na jua. Haifutiki kwa sabuni wala dawa. Stan Jones, aliyewania useneta jimbo la Montana, Marekani, mwaka 2002, aligeuka hivyo baada ya kunywa maji aliyojitengenezea kuanzia 1999, akihofia kwamba dawa zingeadimika mwaka 2000 ukiingia.

Mwaka huo wa 1999, idara ya Marekani inayosimamia dawa iliamua kwamba dawa za aina hii zinazouzwa bila cheti cha daktari hazijathibitishwa kuwa salama wala kutibu. Krimu ya fedha inayopakwa majeraha ya moto hospitalini ni jambo jingine: hiyo imepimwa na hainywewi.

Ikiwa tayari umekuwa ukiyanywa, mwambie daktari wako, hasa unapotumia dawa za tezi ya shingo au viuavijasumu kama tetracycline, kwani fedha huweza kuzuia mwili kuzipokea dawa hizo.