Kukanda Shingo kwa Maumivu ya Kichwa Yanayojirudia

Maumivu yanayosikika juu ya jicho au kwenye panja yanaweza kuwa yameanzia kisogoni, chini kidogo ya mfupa wa fuvu, mahali ambapo mgonjwa hajawahi hata kupagusa. Ndiyo maana kusugua paji la uso, kama wengi wafanyavyo, huleta nafuu ya dakika chache tu, ilhali kukanda shingo na mabega kwa utaratibu kunaweza kupunguza ukali wa maumivu na, kwa baadhi ya watu, idadi ya siku yanaporudi. Tiba hii ni ya gharama ndogo na inawezekana nyumbani. Hata hivyo inafaa kwa aina fulani tu za maumivu ya kichwa, na ikifanywa vibaya inaweza kuleta madhara makubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5. Kimekaa juu ya pingili ya kwanza ya shingo, iitwayo atlasi, nayo imekaa juu ya pingili ya pili, aksisi. Kati ya pingili hizi na sehemu ya chini ya fuvu kuna jozi 4 za misuli midogo inayosahihisha mkao wa kichwa kila macho yanapofuata maandishi au barabara. Haipumziki hadi kichwa kiegemezwe. Juu yake imelala misuli mikubwa: trapezi, unaotoka kisogoni ukashuka hadi mabegani na katikati ya mgongo, na mwingine wa ubavuni mwa shingo, unaotoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga na mfupa wa kidari. Fundi cherehani aliyeinamia sindano kutwa nzima, mwanafunzi asiyeinua uso kwenye simu, na mwanamke anayejitwika ndoo ya lita 20, ambayo maji yake pekee yana uzito wa kilo 20, wote huifanyisha misuli hii kazi isiyo na nafasi ya kupumua. Msuli uliokazwa muda mrefu hupata damu kidogo, hukakamaa, na ndani yake hujitokeza vifundo vinavyouma vikibonyezwa.

Kwa nini basi maumivu ya shingo yasikike usoni? Neva za pingili 3 za juu za shingo huingia kwenye uti wa mgongo na kukutana na nyuzi za trijemina, ile neva ya tano ya fuvu inayobeba hisia za uso, paji na macho. Taarifa kutoka sehemu zote mbili hupokelewa na seli zilezile kabla ya kupandishwa kwenye ubongo, na ubongo hushindwa kutofautisha ilikotoka. Daktari Janet Travell wa Marekani, aliyewahi kuwa tabibu wa Rais John F. Kennedy, alitumia miaka mingi kuchora ramani za vifundo hivyo na mahali maumivu yake yanapotokeza. Kitabu alichokiandika pamoja na David Simons kilitoka mwaka 1983 na bado kinatumiwa na wakandaji. Kwa mujibu wa ramani hizo, kifundo cha juu ya bega hupeleka maumivu ubavuni mwa shingo hadi kwenye panja, na kile cha msuli wa nyuma ya sikio huyapeleka juu ya jicho. Maelezo ya jinsi vifundo vinavyoundwa yangali yanabishaniwa na watafiti, lakini kuviminya na kusikia maumivu yaleyale ya kichwa yakiamka ni jambo ambalo mgonjwa anaweza kulihakikisha mwenyewe.

Aina inayonufaika zaidi ni maumivu ya mkazo. Hushika pande zote mbili za kichwa kama kilemba kilichokazwa kupita kiasi, hayapwiti, hayazidishwi na kupanda ngazi, na hudumu kuanzia nusu saa hadi siku 7. Tathmini ya tafiti za dunia nzima iliyochapishwa mwaka 2022 ilikadiria kwamba asilimia 26 ya watu huyapata katika kipindi cha mwaka. Aina ya pili ni ile ambayo chanzo chake ni shingo yenyewe: hukaa upande mmoja, huanzia kisogoni na kusogea mbele, na huamshwa na kugeuza shingo au kukaa vibaya. Kipandauso ni jambo jingine. Hupwita, mara nyingi upande mmoja, huambatana na kichefuchefu na kuchukia mwanga au kelele, na asili yake iko kwenye ubongo na neva zake. Mwenye kipandauso anaweza kukandwa kati ya shambulio na shambulio. Utafiti mdogo wa mwaka 2006 uliohusisha watu 47 ulionyesha waliokandwa walipata mashambulio machache na kulala vizuri zaidi. Shambulio likiwa limepamba moto, hata kitana kinaweza kuuma, na mkono wa mkandaji hautakiwi.

Kuna pia maumivu yanayoletwa na dawa zenyewe, na haya yanastahili kusemwa kwa sauti kwa sababu vidonge vinapatikana kila duka. Anayemeza parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, anaweza kuingia katika mzunguko ambapo dawa ndiyo inayorudisha maumivu. Kwa vidonge vya mchanganyiko, vikiwemo vile vyenye kafeini, siku 10 zinatosha. Shingo ya mgonjwa wa namna hii inaweza kukandwa kila siku bila mafanikio hadi vidonge vipunguzwe kwa msaada wa daktari. Kadhalika, anayeumwa kichwa siku mbili baada ya kusukwa nywele kwa kukazwa hahitaji mkandaji. Anahitaji kulegezewa nywele.

Ushahidi wa kisayansi kuhusu maumivu ya mkazo unatia moyo, ingawa si mwingi. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliripoti juu ya wagonjwa 4 wa maumivu sugu waliokandwa shingo na mabega kwa nusu saa, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 4: maumivu yaliyokuwa yakija karibu mara 7 kwa wiki yalishuka hadi mara 2. Wagonjwa 4 ni wachache mno kujengea hoja. Utafiti wa mwaka 2015, wenye watu 56, ulikuwa makini zaidi. Kundi moja lilikandwa, jingine lilitibiwa kwa mashine iliyozimwa bila wagonjwa kujua, na la tatu lilisubiri tu. Makundi mawili ya kwanza yote yalipata maumivu mara chache kuliko la tatu, na idadi haikutofautiana kati yao. Tofauti ilikuwa kwamba waliokandwa waliona maumivu yao yamepungua zaidi. Maana yake ni kwamba sehemu ya nafuu hutokana na kulala kimya na kuhudumiwa. Hilo haliifanyi tiba kuwa ya uongo, kwani mkazo wa mawazo ni miongoni mwa vinavyoyaamsha maumivu haya, na saa ya utulivu chini ya mikono ya mtu mwema ni dawa halisi ya mkazo.

Ukandaji mzuri huanzia mbali na kichwa. Anayekandwa huketi akiegemeza paji la uso juu ya mikono iliyokunjwa mezani, au hulala chali huku khanga iliyoviringishwa ikiwa chini ya shingo. Kitambaa kilicholowekwa maji ya moto na kukamuliwa huwekwa mabegani kwa dakika 10 kwanza. Mafuta ya nazi kidogo yanatosha. Kazi yake ni kuzuia ngozi isichubuke, na mkono unaoteleza sana haushiki msuli. Mkandaji huushika msuli wa juu ya bega kati ya kidole gumba na vidole vingine, huuinua, huuminya polepole na kuuachia, akitoka karibu na shingo kuelekea kwenye ncha ya bega. Kisha hupanda kwa vidole gumba kando ya uti wa mgongo, pande zote mbili, kuanzia kwenye pingili kubwa inayojitokeza chini ya shingo hadi kwenye fuvu. Mfupa wenyewe haubonyezwi kamwe.

Sehemu muhimu kuliko zote ni vile vishimo viwili vilivyo chini ya fuvu, kulia na kushoto kwa mstari wa kati. Hapo hapasuguliwi. Mgonjwa akiwa amelala chali, mkandaji huweka ncha za vidole vyake vya kati ndani ya vishimo, huvielekeza juu kidogo kama kwenye macho ya mgonjwa, na kuacha uzito wa kichwa wenyewe ufanye kazi. Hushikilia hivyo sekunde 30 hadi dakika moja bila kusogea. Mwanzoni msuli huhisika mgumu. Baadaye hulegea taratibu chini ya vidole, na pumzi ya mgonjwa huwa ndefu. Maumivu yanayoruhusiwa ni yale ya kiasi, ambayo mgonjwa anaweza kuyavumilia bila kukunja uso wala kuzuia pumzi. Mkandaji anayejisifia kuwatoa watu machozi hajui kazi yake, kwa kuwa msuli unaoumizwa hujikaza kujilinda. Kazi yote humalizikia kwenye mapanja na misuli ya taya, ambayo wanaosaga meno usingizini huwa nayo migumu sana. Dakika 20 hadi 30 zinatosha, mara mbili kwa wiki. Asiye na wa kumkanda anaweza kutia mipira miwili ya tenisi ndani ya soksi, akaifunga isiachane, kisha akalala chali sakafuni na kuiweka chini ya vishimo hivyo kwa dakika 2 au 3.

Mbele ya shingo hapakandwi. Hapo hupita ateri kubwa ya kupeleka damu kwenye ubongo, na kando yake kuna kituo cha neva ambacho kikibonyezwa huweza kushusha mapigo ya moyo na presha ghafla hadi mtu akazimia. Hatari kubwa zaidi ni kuzungusha kichwa kwa nguvu ili shingo ialike, mtindo ulioenea kwenye vibanda vya vinyozi, ambako mteja akimaliza kunyolewa hukandwa mabega kisha kichwa chake huvutwa ghafla kushoto na kulia. Ateri mbili zinazopanda ndani ya matundu ya pingili za shingo zinaweza kuchanika ukuta wake wa ndani, damu ikaganda na kusababisha kiharusi, hata kwa kijana. Hata kulaza shingo kinyumenyume kwenye beseni la saluni kumeleta madhara hayo: mwaka 1993 daktari Michael Weintraub wa Marekani aliripoti wanawake 5 waliopata dalili za kiharusi baada ya kuoshwa nywele namna hiyo. Mlio wa shingo hauponyi kitu, na mteja ana haki ya kumwambia kinyozi aache.

Wasiokandwa bila ruhusa ya daktari ni wenye baridi yabisi, mifupa iliyopungua uzito, kifua kikuu cha mifupa, saratani, uvimbe au majipu shingoni, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, na aliyeumia shingo siku za karibuni. Wapo pia wanaopaswa kwenda hospitali mara moja: aliyeshikwa na maumivu makali ya ghafla kuliko yote aliyowahi kuyapata, mwenye homa na shingo iliyokakamaa, aliyepoteza nguvu upande mmoja, anayetatizika kusema au kuona, mjamzito mwenye maumivu makali ya kichwa, ambayo yanaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba, anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye maumivu yake ni mapya, na mwenye umri wa zaidi ya miaka 50 ambaye hakuwa na tatizo hili kabla.

Ukandaji peke yake haushiki muda mrefu ikiwa shingo inarudi kwenye mkao uleule. Utafiti wa Australia wa mwaka 2002, uliohusisha watu 200 wenye maumivu ya kichwa yatokanayo na shingo, ulionyesha kwamba mazoezi ya misuli ya ndani ya shingo, sawa na tiba ya mikono ya wanafiziotherapia, yalipunguza maumivu, na nafuu ilikuwa bado ipo baada ya miezi 12. Zoezi jepesi la kuanzia ni kurudisha kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, kushikilia sekunde 5, na kurudia mara 10, asubuhi na jioni. Simu iinuliwe hadi usawa wa macho, na cherehani iachwe kwa dakika chache kila nusu saa.

Anayeanza tiba hii aandike kwenye daftari siku alizoumwa, ukali wa maumivu na vidonge alivyomeza. Baada ya wiki 6, ikiwa hesabu haijabadilika, aache kutafuta mkandaji mwingine na aende kituo cha afya akapimwe presha na macho.