Bukavu: Kahuzi imekuwa mbali, lakini matembezi ya Siku ya Mungu yanaendelea

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Siku ya Mungu. Kwenye Place de l'Indépendance, watu kumi na saba wamekusanyika: walimu, wanafunzi wa chuo kikuu, fundi wa pikipiki, wamama wawili wauza vitenge. Kila mutu anatoa muchango wa chakula mbele ya kuanza safari. Mushika pesa anaandika majina katika kaye.

Zamani, vikundi kama hiki vilikuwa na hamu ya kupanda mulima Kahuzi, wenye urefu wa mita 3308. Mutu alichukua gari kwenye barabara ya Kavumu, akakata kushoto pale Miti, akafika Tshivanga, penye mulango wa mbuga ya Kahuzi-Biega. Mbuga hiyo iliundwa mwaka 1970, UNESCO ikaiweka kati ya urithi wa dunia mwaka 1980, na tangu 1997 inahesabiwa kuwa katika hatari. Lakini kisha M23 kuingia Bukavu, Februari 2025, kikundi kiliacha safari hiyo.

Leo wanaenda karibu: wanapita Bagira, wanapanda vilima vya Kabare. Masharti ni matatu. Wa mbele wanangojea wa nyuma. Hakuna kupiga picha penye vizuizi. Kila mutu awe amerudi nyumbani mbele ya giza. Huko juu wanapumzika, wakitazama ziwa Kivu na rasi za muji zinazoingia ndani ya maji, na Rwanda ngambo ya pili.

Saa sita, wanaingia katika nganda ndogo kando ya njia, chini ya muti wa avoka. Mezani kuna bugali, lengalenga, sambaza za kukaanga na pilipili. Wengine wanakunywa sukre, wengine kasiksi. Bia ya kiwanda si ya kila mutu tena: Juni 2025, Heineken, iliyokuwa kampuni mama ya Bralima wakati ule, ilitangaza kwamba imepoteza usimamizi wa majengo yake ya Bukavu na Goma.

Mama mwenye nganda anaeleza kwamba sambaza anazikopa kwa wauzaji Siku ya Posho jioni. Siku moja risasi zililia usiku, watembeaji hawakufika, naye akabaki na samaki pamoja na deni. Alilipa deni hilo kidogo kidogo kwa majuma matatu.

Tangu pale, kikundi kilibadilisha utaratibu. Nusu ya pesa inatumwa kwa simu siku mbili mbele, na wakikosa kufika, hawaidai. Kwa muji ambamo benki zilifunga milango tangu Februari 2025 na pesa za mukononi zikawa haba, hilo si jambo dogo.

Mbele ya kushuka, mushika pesa anafungua kaye tena. Watu kumi na wawili wamejiandikisha kwa juma lijalo. Mama anauliza aandae sambaza za watu wangapi.