Ugonjwa wa Miguu na Midomo: Kwa Nini Ndama Hufa Bila Kidonda

Wafugaji wengi wa Kenya waujua ugonjwa wa miguu na midomo kwa dalili zake: ng'ombe hutokwa na ute mwingi mdomoni, huacha kula, huchechemea, na maziwa yake hupungua. Lakini mara nyingine hutokea jambo la kushangaza. Ng'ombe wakubwa wenye vidonda hupona, ila ndama asiye na kidonda hata kimoja huanguka ghafla akafa. Wengine hudhani amelishwa sumu au ameumwa na nyoka. Kumbe aliyemwua ni adui yule yule.

Adui huyo ni virusi, navyo ni vidogo mno hata havionekani kwa darubini ya kawaida. Mwaka 1898 wataalamu wawili wa Ujerumani, Friedrich Loeffler na Paul Frosch, walieleza kwamba kisababishi cha ugonjwa huu hupenya katika chujio linalozuia bakteria.

Mwili wa ng'ombe umejengwa kwa chembe hai nyingi sana, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Virusi haviwezi kuzaana peke yake. Huingia ndani ya chembe, huizuia isifanye kazi yake, na kuilazimisha itengeneze virusi vingine. Baada ya saa chache chembe hiyo hufa, na virusi vipya hutoka kwenda kuzishambulia chembe za jirani.

Mara nyingi virusi huingia kwa pumzi na kuanza kuzaana kooni. Kisha huchukuliwa na damu hata kwenye ulimi, ufizi, chuchu, na ngozi iliyo kati ya kwato. Chembe nyingi za ngozi zikifa mahali pamoja, maji hujaa hapo, likawa lengelenge. Lengelenge likipasuka, nyama hubaki wazi. Ndiyo sababu ng'ombe hawezi kutafuna wala kukanyaga vizuri. Lakini ngozi hujijenga upya, na vidonda hupona.

Kwa ndama mchanga, virusi huweza kushambulia nyama ya moyo, nayo haijijengi upya kama ngozi. Ndama huyo akipasuliwa, pengine moyo wake huonekana una milia ya kijivu au ya manjano. Milia hiyo ni nyama iliyokufa. Moyo uliodhoofika hivyo huweza kusimama kabla lengelenge lolote halijatokea.

Penisilini haiui virusi. Husaidia tu kuzuia bakteria katika vidonda. Kinga ya kweli ni chanjo iliyotolewa mapema na kurudiwa kwa wakati wake. Tena virusi hivi vina aina saba, na chanjo ya aina moja haikingi aina nyingine; kwa hiyo ni lazima daktari wa mifugo apate habari na kuchukua sampuli.

Ng'ombe mgonjwa atengwe, na maziwa yake yasipewe ndama kabla ya kuchemshwa. Asipelekwe mnadani, wala mifugo mingine ya boma lile isihamishwe, kwa maana ng'ombe huanza kueneza virusi hata kabla dalili hazijaonekana. Mfugaji afichaye ugonjwa ili aokoe bei ya ng'ombe mmoja huenda akapoteza ndama wake wote, na wa jirani pia.